Pumzi Iliyotulia

Kwa Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naandika nikiwa nimekaa juu ya furushi la mashuka, kwenye stoo ya mjomba, daftari nimelipakata magotini kwa sababu meza zote za hapa ni za kupigia pasi. Naomba barua hii ikukute mzima, na wote nyumbani wakiwa salama. Jicho lako la kushoto linaendeleaje? Dada aliniambia siku hizi linafumba karibu lote na unaweza kulala bila kulibandika plasta. Nilifurahi mno. Na lile zoezi la kupuliza kwa mrija kwenye glasi ya maji, nakuomba usiliache, hata kama linachosha na hata kama wajukuu wanakucheka. Wasalimie wote. Mwambie dada deni langu la kumwandikia nalikumbuka. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa mdomo, na habari za mdomo utazikuta mbele.

Mjomba anakusalimu sana. Biashara yake ya udobi inakwenda, wateja wapo, na ulimi wake ni uleule. Anasema tangu nije hapa na tarumbeta, nguo anazozinyoosha zinajikunja zenyewe kwa hofu. Kuna mteja alikuja kuchukua koti lake, akanisikia kutoka stoo, akauliza kama mashine ya kufulia imeharibika. Mjomba akamjibu kwamba hapana, hiyo ni mashine mpya, bado tunaifanyia majaribio.

Mama, kabla sijaenda mbali. Dada alipiga simu ya mjomba akasema umeshakata tiketi, unakuja Ijumaa ijayo, na umejishonea gauni la kijani la kunisindikiza nalo chuoni. Nakuomba sana, usipande basi kwanza. Barua hii nimempa dereva wa mjomba aikabidhi mikononi mwako, si kwa mtu mwingine. Isome peke yako, mlango ukiwa umefungwa, na uisome mpaka mwisho. Najua ukifika katikati utataka kuiweka chini. Usiiweke.

Nianzie siku ile barua ya chuo ilipofika. Wewe ndiye uliyeifungua, mkasi bado uko mkononi, na mteja wa sare za shule amesimama anasubiri. Uliisoma kimya, halafu ukaisoma kwa sauti. Walisema wamesikiliza rekodi za waombaji wote wa tarumbeta, na yangu wameiweka ya kwanza. Walisema wananisubiri kwa hamu kwenye usaili wa ana kwa ana, baada ya wiki kumi. Kulikuwa na sentensi moja uliyoirudia mara mbili, polepole, ukiipigania ile p na ile m na ile b, herufi ambazo tangu uso wako ulegee upande mmoja zinakuponyoka: "Pumzi iliyotulia, na sauti iliyokomaa kuliko umri wa mwombaji." Ukamgeukia mteja ukamwambia huyu ni kitinda mimba wangu, mimi ndiye niliyemfundisha. Mimi nikatoka nje nikasema naenda kuanua nguo. Hapakuwa na nguo kwenye kamba, mama.

Uliibandika barua ile ukutani mbele ya cherehani kwa pini nne. Kila aliyekuja kupimwa aliisoma huku umemzungushia futi kiunoni. Ndipo ukaamua nije kwa mjomba, kwa kuwa majirani wetu walishachoka na skeli zangu, zile noti za kupanda na kushuka, na hapa kuna stoo yenye mlango mzito ambako naweza kupuliza kutwa nzima bila kumkera mtu. Uliniandalia ratiba kwenye karatasi ya kukatia nguo. Asubuhi noti ndefu, kisha mapumziko, kisha skeli, kisha lile zoezi la usaili, jioni ule wimbo wa taratibu unaosindikizwa na piano. Chini kabisa uliandika kwamba mdomo ukiuma, simama, tarumbeta haiendi popote.

Ratiba yako niliifuata siku tano tu.

Stoo ya mjomba ina mablanketi mpaka darini, na mablanketi yanameza sauti. Unapiga noti, inakufa kabla hujaisikia. Kwa hiyo nikaanza kupuliza kwa nguvu zaidi ili nijisikie, na kadiri nilivyopuliza ndivyo nilivyozidi kukibana kile kidomo cha chuma cha tarumbeta kwenye meno. Wewe ungeliona kosa hilo ukiwa hata jikoni. Lakini hukuwapo, na mimi sikuwa nasikiliza nilichokuwa nikikifanya. Nilikuwa nasikiliza kitu kingine kabisa kichwani mwangu, nakikimbilia, na sikifikii.

Shida yangu ilikuwa mstari wa tano wa lile zoezi. Unaujua vizuri kuliko mimi: pale sauti inapopanda ngazi kwa ngazi mpaka ile noti ya juu, inakaa pale hesabu nne, halafu inashuka taratibu kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Wengi wanaweza kupanda. Kazi iko kwenye kushuka. Nilijiwekea sharti kwamba kila siku niupige mstari ule mara kumi mfululizo bila kosa, na nikikosea hata mara ya tisa, naanza upya. Nilikuwa naandika vistari kwa chaki ukutani. Wiki ya tatu nilifika mara sita, na wiki ya nne nikafika saba. Halafu nikarudi nne, kisha mbili, kisha nikawa nasimama mbele ya ukuta na chaki mkononi, sina cha kuandika.

Wiki hiyo ya nne ndipo simu yangu ilipotumbukia kwenye pipa la kulowekea. Nilikuwa nimeiweka ukingoni, waya wa kusikilizia uko masikioni, nimeinama kuvuta shuka. Mjomba aliitoa, akaipangusa, akaizika kwenye mchele siku mbili. Fundi simu aliifungua mbele yetu akasema kila kilichokuwa ndani kimekwenda na maji. Nililia mpaka mke wa mjomba akakasirika, akasema kwao watu hulia hivyo misibani tu. Sikuweza kumwambia nilichopoteza. Nakuomba ulikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Wiki ya tano mdomo ukavimba. Asubuhi nikiamka nilikuwa nauona kwenye kioo umekuwa mnene upande mmoja, na katikati, ndani, pana kitu kigumu kama punje ya mtama. Nikipuliza, hewa inatoka pembeni na sauti inapasuka. Mjomba, ambaye hajui noti lakini anajua kitambaa kinapokaribia kuungua, alinipeleka kwa fundi mmoja anayetengeneza pampu za maji na ala za bendi katika kibanda kimoja. Fundi huyo aliwahi kupiga tarumbeta miaka mingi. Si mtu wa maneno matamu. Alinivuta kwenye mwanga, akanigeuza mdomo kama anayekagua mpira wa gari, akaniambia nipige noti moja tu. Sikuimaliza. Alinyanyua mkono akasema inatosha, mimi sipigi tarumbeta, naisukuma. Kisha akauliza swali lililonitoa jasho. Aliuliza namwigiza nani, kwa sababu nilivyoshika mwili wangu ni kama nimevaa nguo ya mtu mwingine iliyonizidi vipimo.

Nilimjibu kwamba simwigizi mtu. Alinitazama kidogo, akarudi kwenye pampu yake, akasema nipumzike wiki tatu, kinyume na hapo nitauchana msuli wa mdomo, na msuli huo hauna kiraka. Usaili ulikuwa umebaki wiki nne na siku mbili. Nilipumzika siku nne.

Sijui nikuelezeje zile wiki za mwisho, mama. Nilikuwa nakula upande mmoja wa mdomo kama wewe. Niliweka barafu, nikapaka mafuta, nikafunga kitambaa, kisha nikarudi stoo na kupuliza mpaka kile kidomo kikawa chekundu. Mke wa mjomba alikuta damu kwenye foronya nyeupe ya mteja akaifua mwenyewe, akaja akasimama mlangoni akiniangalia, akaondoka. Nilikuwa namwomba Mungu mambo ya aibu. Nilimwomba chuo kiungue, watu watoke wote salama, yaungue mafaili tu. Nilimwomba nivunjike mkono, mkono ni kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha. Mara tatu niliandika barua ya kujitoa na mara tatu niliichana, kwa sababu kila Jumapili ulikuwa unapiga simu ya mjomba na kuniuliza mstari wa tano unaendaje, nami nasema unakwenda. Unaniambia nikuimbie. Nakuimbia. Unasema hapo hapo, mwanangu, hapo usikimbie. Nikikata simu nilikuwa nakaa chini palepale nilipo.

Siku ya usaili ikafika. Mjomba alininyooshea shati mara mbili, akanisindikiza mpaka getini, akasema yeye atasubiri ng'ambo ya barabara kwa kuwa kwenye majengo ya wasomi miguu yake huwa inapiga kelele. Ndani kulikuwa na korido ndefu inayonukia dawa ya sakafu, na viti vimepangwa ukutani. Waombaji walikuwa wanapasha midomo, kila mmoja ameangalia ukuta wake. Msichana mmoja aliyefuatana na baba yake alikuwa akipiga kwa upole kama anayezungumza, nami nikajua kwamba kama wangenipa mwaka mzima nisingefika alipo. Karani alinibandika namba kifuani. Akasoma jina langu kwenye orodha yake, akanyanyua macho, akasema kumbe ndiye wewe, walimu wamekuzungumzia sana.

Chumba kilikuwa na mapazia mazito, piano, na meza moja. Nyuma ya meza walikaa wawili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, ndiye mkuu wa jopo, na mwalimu wa kiume, mtaratibu, aliyekuwa akitabasamu tangu naingia. Nilianza na skeli, zikapita. Ule wimbo wa taratibu niliumaliza, ingawa mpiga piano alilazimika kunisubiri mara mbili nivute pumzi pasipo pa kuvuta. Yule mwalimu alikuwa bado anatabasamu, lakini sasa kwa adabu tu. Kisha wakasema zoezi.

Mistari minne ya kwanza sikuiharibu. Nilipoanza kupanda ule wa tano nilikuwa tayari nimeukaza mwili wote, mpaka vidole vya miguu, na ilipofika ile noti ya juu ikatoka hewa tupu, kama gurudumu lililotobolewa. Wakanipa nafasi ya kurudia. Ikatoka hewa. Niliposhusha tarumbeta, mwalimu yule akasimama akanipa kitambaa chake cha mkononi, ndipo nikajua natokwa damu kidevuni.

Mkuu wa jopo aliniambia nikae. Alifungua faili, akasema kuna jambo lilikuwa likimsumbua tangu kwenye skeli. Akageuza kompyuta yake, akafungua spika iliyokuwa juu ya piano, rekodi ikaanza.

Mama, nimefika mahali pa kukwambia. Nimeinuka mara mbili hapa kwenye mashuka nikaenda kunywa maji.

Rekodi niliyowapelekea si yangu. Ni yako.

Utajiuliza ni lini ulirekodiwa. Ni jikoni, wiki tatu kabla ya asubuhi ile uliyosukutua maji yakamwagika upande mmoja wa mdomo, nawe ukacheka ukidhani ni usingizi. Nilikuwa nimekujia na karatasi ya zoezi, nimekwama, nakwambia haliwezekani. Ulifuta mikono, ukaichukua tarumbeta kutoka kwangu, ukasimama kati ya sinki na meza, umevaa kandambili zako za nyumbani, ukalipiga lote kuanzia juu mpaka chini, mara moja. Mimi nilikuwa nimeiweka simu rafuni kati ya vikombe ili nipate cha kujifunzia. Sikukwambia kwa sababu haikuwa siri wakati ule, ilikuwa kitu kidogo tu. Ulipomaliza ukasema, "Hivyo ndivyo," ukarudi kwenye sufuria yako. Na baada ya wiki tatu hukuweza kupiga tena. Ulifuta tarumbeta ukaifunga kwenye kasha lake, ukanikabidhi mimi. Ukasema miaka kumi na tisa ya bendi ya polisi, gwaride mvuani na juani, na hakuna mtu aliyewahi kuiweka sauti yako mahali popote, imekwenda na upepo. Nilikuwa nayo mfukoni, nikanyamaza. Nilidhani ukiisikia itakuua. Pengine niliitaka iwe yangu peke yangu. Hilo sijalijua mpaka leo.

Chuo kilipotaka rekodi, nilijirekodi mwenyewe, nakuapia. Nilijirekodi mara thelathini na moja, kwenye ngazi za lile jengo lisilokwisha karibu na shule. Zote zilivunjika palepale pa kushuka. Siku ya mwisho ya kupeleka, saa kumi na nusu, nilikuwa kwenye duka la kompyuta na wanafunga saa kumi na moja. Mwenye duka alichomeka simu yangu, akaona mafaili mawili yenye jina la zoezi lile, lako na moja langu nililolibakiza, akaniuliza ni lipi. Aliuliza tu, mama, kama mtu anavyouliza unataka la bluu au jeusi. Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwomba akate lile neno lako la mwisho. Akakata, tukajaza jina langu, nikatoka nje, nilipofika nyumbani ukaniuliza kama nimewahi, nikasema nimewahi.

Kisha ukanisomea sifa zile mbele ya mteja, kwa mdomo ulioshindwa hata kulitamka vizuri neno pumzi, na hukujua kwamba unayesifiwa ni wewe.

Chumbani mle rekodi ilianza na ile pumzi yako kabla ya noti ya kwanza. Bomba la jikoni letu linasikika likidondoka. Ulipanda mstari wa tano kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake, ukakaa juu, ukashuka. Yule mwalimu alikuwa amefumba macho. Ilipokwisha, mkuu wa jopo hakuizima. Aliirudisha sekunde chache nyuma, akaongeza sauti. Mwenye duka hakukata vizuri. Mwishoni kabisa, baada ya noti ya mwisho, inasikika "hi", ile ya mwanzo ya hivyo.

Akasema, "Hapa mwishoni kuna mtu anaanza kusema. Ni nani?"

Nikasema, "Ni mama yangu."

"Na anayepiga?"

Nikasema, "Ni mama yangu."

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alivua miwani, akaniambia kwa sauti ileile ya kuulizia skeli kwamba jina langu linafutwa leo, na kwamba kwa kanuni zao siruhusiwi kuomba tena kwa miaka miwili. Akasema kuna kijana ambaye nafasi yake ya kuitwa niliichukua mimi, na kwamba kijana huyo alistahili kusimama pale niliposimama. Hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja, mama. Wiki zote kumi sikuwa nimeliwaza. Mwishowe akasema rekodi iliyopelekwa kwa udanganyifu inafutwa pamoja na faili, akaweka mkono kwenye kompyuta.

Ndipo nikapiga magoti, kwa sababu simu yangu imekufa kwenye pipa, na ile iliyokuwa mle ndani ya kompyuta ndiyo iliyobaki peke yake duniani. Nililia na mdomo unatoka damu na sikumbuki nilivyopanga maneno. Niliwaeleza habari za uso wako. Nilimwambia mkuu anifute mimi, aninyime miaka ishirini, aniitie askari, lakini ile asiiguse, kwamba yule mtu hapigi tena na hajawahi kujisikia hata siku moja. Yule mwalimu alisogea dirishani akatupa mgongo. Mpiga piano alikuwa ameinamisha kichwa. Mkuu wa jopo aliuondoa mkono kwenye kompyuta.

Kisha akaniambia niinuke nikae kitini. Akasema kanuni inasema faili la mwombaji lifutwe, na yule anayepiga hakuwahi kuomba chochote. Akaniuliza jina lako kamili. Nikamtajia. Akaniuliza ulipiga bendi gani, kwa miaka mingapi. Nikamtajia. Akaandika kwa kalamu kwenye rejista ya rekodi za maktaba yao, polepole, akanigeuzia nisome kama herufi ziko sawa. Akatoa kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu kwenye droo, akainakili rekodi humo, akanipa. Nilipofungua mdomo kumshukuru akanizuia.

"Sijakusamehe," akasema. "Hili silifanyi kwa ajili yako."

Nilivuka barabara nikamkuta mjomba amesimama, anatabasamu mpaka masikioni, na kabla sijasema kitu akanipa simu, wewe uko hewani. Uliniuliza neno moja tu, "Je?" Nyuma yako nilisikia dada, nikasikia na wateja. Nikasema nimepita. Nikasikia vigelegele, na kucheka kwako. Mama, huo ndio uongo wangu wa pili, na huo sina hata cha kuusingizia. Niliusema nikiwa na kadi yako mfukoni na kitambaa cha mtu mdomoni. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kushtuka simu ya mjomba ikilia.

Juzi nilimweleza mjomba yote. Alikuwa anapiga pasi kola ya shati, akaendelea kuipiga ileile mpaka ikaanza kunuka. Kisha akasema nikuandikie mwenyewe kabla hujapanda basi, kwa kuwa yeye akiandika ataandika vibaya zaidi. Hajanitania tena tangu hapo, na hilo limenikaa rohoni kuliko matusi.

Hali yangu ndiyo hiyo. Sina chuo. Fundi wa pampu ameniona tena, amesema msuli haujachanika wote, nisiguse tarumbeta miezi miwili, baadaye ndiyo tutajua kama kuna kilichobaki. Mchana nanyoosha mashuka kwa mjomba. Siwezi kukwambia kwamba nitapiga tena, sijui. Barua iliyoko ukutani ibandue, au iache, maana yaliyoandikwa mle ni kweli, jina tu ndilo si lenyewe. Wale uliowatangazia, nikirudi nitawaambia mimi, mmoja mmoja. Usijitwike kazi hiyo.

Kadi iko ndani ya bahasha hii, nimeikunja kwenye kipande cha flana na kukishona pembeni kwa uzi mweupe ili isidondoke. Mwombe dada simu yake, uiweke humo. Mimi sijaisikiliza tangu siku ile, sioni kama nina haki. Kwanza utajisikia ukivuta pumzi. Usizime hapo kwa kuogopa, ngoja. Mimi nilidhani itakuumiza, nikaificha mwaka mzima na zaidi, na sasa naona kwamba hilo pia halikuwa langu la kuamua. Na ukitaka kujua kama watu wameisikia, wameisikia. Kwenye rejista ya maktaba ya chuo cha muziki limeandikwa jina lako lote, na mbele yake, tarumbeta. Nimeliona kwa macho yangu na wino bado mbichi.

Mjomba na mkewe wanakusalimu. Nisalimie dada na watoto wake wote, na yule mdogo mwambie asiwe anacheza na pini za cherehani. Kama utakuwa na hasira, piga simu na hasira zako, nitapokea, na lolote utakaloniuliza nitakujibu lilivyo. Kama hutapiga nitaelewa. Naomba radhi yako, mama, na nalala nikiisubiri.

Ni mimi binti yako,
Kitinda mimba